Mwalimu Yuster na Ndama wa Kisimani

Nimefanya kazi na Mwalimu Yuster Cecil miaka tisa. Meza yake na yangu zimegusana katika ofisi ya walimu ya sekondari yetu ya kata, upande wa Kitangari. Mimi nafundisha hesabu, yeye Kiswahili. Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwake mwenyewe, isipokuwa machache niliyoyaona kwa macho yangu. Aliponiruhusu kuyaandika aliniomba jambo moja tu: nisimpunguzie kosa.

Ni mtu wa Masasi, wa zile familia za Kianglikana ambazo babu zao walibatizwa misheni. Baba yake, Mzee Cecil, alikuwa katekista, na nyumbani kwao mtoto alifunzwa kusoma kabla ya kufunzwa kufua. Mwanawe wa kwanza ni Gift, kwa hiyo majirani humwita Mama Gift. Wanafunzi walikuwa na jina lao. Walimwita Mwalimu Ishara.

Jina hilo lilitokana na riwaya moja tuliyokuwa tunaifundisha, *Walioshuka Bondeni*. Ni hadithi ya kaya saba zilizochoka kuhangaikia maji huku juu uwandani, zikateremka hadi bonde la Ruvuma, mpakani kabisa, zikafyeka msitu na kuanza maisha mahali ambapo jirani pekee alikuwa mnyama. Kuna tembo jike mwenye pembe moja. Kuna ndege wa asali, kuna siafu, kuna mto unaohama kila masika. Watunga mitihani hupenda kuuliza vitu hivyo vinaashiria nini, na Mwalimu Yuster alikuwa na majibu yote katika daftari moja la jalada gumu. Aliyanakili akiwa kidato cha nne, mwalimu wake akisoma, yeye akiandika. Tembo ni uvamizi wa wageni. Ndege wa asali ni usaliti. Siafu ni umoja. Mto ni uhuru usioshikika. Naye alisimama mbele ya madarasa yake akasoma vilevile, watoto wakaandika vilevile, wakafaulu. Mwaka mmoja aliitwa wilayani kupewa cheti.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba hakuwahi kukisoma kitabu chenyewe. Alifika ukurasa wa arobaini hivi alipokuwa chuo cha ualimu, mimba ya Gift ikamlaza, akakiacha. Kila mwaka alijiambia atakisoma likizo. Likizo ikifika kuna korosho za kuokota, kuna mgonjwa wa kumpeleka hospitali ya Ndanda, kuna harusi. Ikapita miaka kumi na moja. Baadaye, aliniambia, hata kulitazama jalada lake kulimkera, kama mtu unayemkwepa njiani kwa sababu uliahidi kwenda kwenye msiba wake hukwenda.

Mwaka huo kidato cha nne kilikuwa na msichana aitwaye Somoe Bwanali. Wazazi wake wanalima bondeni, chini ya mteremko wa Newala, na yeye alikuwa amepanga chumba na wenzake wawili karibu na shule. Mtoto mkimya, mwenye mwandiko mdogo sana. Kwenye hesabu alikuwa wa katikati.

Siku moja mwanzoni mwa Machi Mwalimu Yuster aliuliza darasani tembo anaashiria nini. Mikono ikanyooka. Mvulana mmoja akajibu: uvamizi wa wageni. Mwalimu akasema vizuri. Ndipo Somoe akasimama.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Mbona tembo yule hakuvamia? Njia ile ilikuwa yake. Wao ndio waliochimba kisima katikati ya njia."

"Alivunja nyumba tatu, Somoe."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini ni baada ya mtoto wake kutumbukia kisimani. Ndama alilia siku mbili, wakamwacha afe humo kwa kuogopa kusogea. Ndiyo maana mama yake anarudi kila usiku kusimama pale."

Mwalimu Yuster hakujua habari ya ndama. Katika daftari lake hakuna ndama.

"Hakuna ndama katika riwaya hii," akasema.

"Yupo, Mwalimu. Ukurasa wa mia na kumi na nne."

Kitabu kilikuwa mezani kwake, kimoja kati ya vile sita vya shule. Ilikuwa kazi ya kufunua tu. Darasa zima liliutazama mkono wake. Anasema aliona wazi mambo mawili yanayoweza kutokea: akifunua na ndama asiwepo, ameshinda, akifunua na ndama awepo, watoto arobaini na wawili watajua. Akaweka kiganja juu ya jalada, akakiacha palepale.

"Wewe unatoka huko kwa tembo," akamwambia Somoe, "ndiyo maana unawatetea. Labda ni ndugu zako. Kaa chini, ndama."

Darasa likaangua kicheko. Nilikisikia nikiwa chumba cha pili nikifundisha vipeo. Somoe akakaa.

Alasiri, walimu wengine walipokwisha kuondoka, Mwalimu Yuster alifunua ukurasa wa mia na kumi na nne. Ndama alikuwepo. Alikuwepo kurasa sita nzima: wanawake wanavyosikia mlio wake tangu alfajiri, mwanaume mmoja anavyosema tumshushie matawi, mwingine anavyokataa, na yule tembo jike anavyopiga magoti ukingoni mwa shimo na kuingiza mkonga wake ndani. Akarudi mwanzo. Alisoma siku tatu mfululizo, hata akaunguza wali mara mbili. Ndege wa asali naye hakuwa msaliti wa mtu. Aliwaongoza walowezi hadi kwenye mzinga, wao wakachukua masega yote, wasimwachie hata moja, na alipowafuata akipiga kelele wakamtupia mawe. Mto haukuwa uhuru. Mto, kila ulipohama, ulichukua kaburi la mtu.

Karibu kila jibu katika daftari lile lilikuwa la mtu ambaye naye hakusoma. Pengine mwalimu wake aliyapokea kwa mwingine.

Hadi hapo, aliniambia, ilikuwa aibu ya kawaida, aibu ya mvivu. Iliyofuata ni ya aina nyingine.

Mwishoni mwa Machi kulikuwa na jaribio. Swali la nne lilimhusu tembo, alama kumi na tano. Wanafunzi wengine wote waliandika uvamizi wa wageni. Somoe aliandika habari za njia, kisima na ndama, kurasa mbili na nusu kwa mwandiko ule mdogo, akamalizia kwamba tembo anaashiria mwenyeji aliyeumizwa na watu waliokuja wakidhani hakuna mwenyewe. Mwalimu Yuster aliisoma insha hiyo mara mbili. Alijua ndiyo pekee katika rundo lile iliyoandikwa na mtu aliyesoma. Alijua pia kwamba akitoa alama, watoto watapokea karatasi zao na kulinganisha, na watauliza. Akachukua kalamu nyekundu akaandika sifuri juu ya kumi na tano, na chini yake: *Rejea notsi.*

Nilikuwa nimekaa meza ya jirani siku hiyo. Nilimwona akisahihisha. Sikuona lolote.

Kufikia hapo jina Ndama lilikuwa limemganda Somoe. Wavulana walimlilia kama ng'ombe akipita kwenda kuchota maji tangini. Mimi mwenyewe nililisikia nikadhani ni utani wa rika, nikatabasamu. Mwalimu Yuster alilisikia kila siku. Neno lake moja lingetosha kulikomesha, maana yeye ndiye aliyelianzisha, na hakulisema. Darasani Somoe aliacha kunyoosha mkono. Shule ilipofunguliwa baada ya Pasaka, hakurudi.

Mkuu wa shule, Mwalimu Sharifu, alimwita Mwalimu Yuster kwa kuwa ndiye mwalimu wa darasa. "Yule binti wa bondeni ana wiki mbili hayupo. Unajua sababu?"

"Nafikiri anawasaidia wazazi kulinda shamba," akajibu.

"Basi iandike kwenye fomu."

Akaiandika.

Mwezi Mei alikwenda Masasi kumwona baba yake. Mzee Cecil ana umri wa miaka sabini na minane, macho yake yamepungua, lakini bado anasoma kwa miwani na kidole, mstari kwa mstari. Katika mkoba wa binti yake aliona riwaya ile, akaiomba. Jumamosi yote alikaa nayo barazani. Jumapili walipotoka kanisani, wakila ming'oko, vile viazi vya porini, kwa pilipili, akasema:

"Yule ndama wa kisimani amenitesa usiku. Watoto wako darasani wanasemaje juu yake?"

Mwalimu Yuster akamweleza baba yake yote: daftari, kiganja juu ya jalada, jina, sifuri, fomu.

Mzee Cecil alisikiliza bila kumkatiza. Alipokwisha, akavua miwani akaifuta kwa upindo wa shati.

"Kwa hiyo ulimcheka mtoto kwa sababu alisoma," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nilijua nimekufundisha kusoma."

Alimrudishia kitabu, akaingia ndani kupumzika. Mwalimu Yuster ni mama wa watoto watatu, ana nywele za mvi. Anasema alibaki barazani pale akijiona mtoto wa miaka minane.

Jumamosi iliyofuata alichukua bodaboda hadi Newala na nyingine ya kushuka mteremko. Alikuwa hajawahi kufika bondeni. Miaka kumi na moja alikuwa amelieleza bonde lile kwa watoto ambao baadhi yao walizaliwa humo. Dereva alimshusha kwenye nyumba ya tofali mbichi iliyozungukwa na mtama unaoanza kuiva. Mwanamke aliyekuwa akitwanga aliacha mchi, akajifunga khanga vizuri.

"Karibu, mama."

"Asante. Mimi ni Mwalimu Yuster. Nimekuja kumwona Somoe."

Mama yule alipaza sauti kumwita mumewe, na muda si muda Bwanali akaja kutoka shambani, mwanaume mrefu mwenye jembe begani. Aliposikia ni mwalimu, akaliweka jembe chini, akamwamkia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, umeshuka mteremko wote huu kwa ajili ya mtoto wetu," akasema. "Sisi ndio tulipaswa kupanda. Tusamehe. Binti alisema anarudi kutusaidia kulinda, nami nikakubali kwa kuwa mwaka jana tembo walimaliza mahindi yote. Nilikosea. Shule ni shule."

Mkewe akamshika kuku. Mwalimu Yuster akakataa, wakamsihi. Aliketishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Kila heshima waliyompa ilimwingia kama mwiba, maana walimheshimu kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Somoe alitoka nyuma ya nyumba, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Somoe."

Mwalimu Yuster alikuwa amejipanga kuomba kuzungumza na binti peke yake. Lakini alipomwona baba mtu bado amesimama, akiomba radhi kwa kosa lisilo lake, aliona kwamba kumtenga Somoe pembeni kungekuwa kujificha tena.

"Baba Somoe, kaa kwanza," akasema. "Mwanao hakuacha shule kwa ajili ya mtama. Nilimtukana mbele ya wenzake. Alisema jambo la kweli lililoandikwa kitabuni, nikamwambia ni uongo, nikampa jina ambalo wenzake wanamwita hadi leo. Na mimi kitabu hicho sikuwa nimekisoma."

Bwanali aliketi kwenye gogo. 

"Lakini si ndicho unachokifundisha?"

"Ndicho."

"Na hukukisoma."

"Sikukisoma. Nimekisoma baada ya yeye kunionyesha. Kisha kwenye jaribio nikampa sifuri, nikijua yuko sahihi."

Mama Somoe alikuwa amemshikilia kuku yule kwapani, hakujua amwachie au amchinje. Mwalimu Yuster akamgeukia binti.

"Somoe, nimekuja kukuomba msamaha."

"Nilijua, Mwalimu," Somoe akasema, macho chini.

"Ulijua nini?"

"Kwamba hujakisoma. Siku ile ulipokataa kufunua ukurasa, nikajua. Sikumwambia mtu. Niliona vibaya."

Mwalimu Yuster anasema kati ya yote aliyoyapata, hilo ndilo zito kuliko yote. Miezi miwili alikuwa akijilinda dhidi ya msichana ambaye tayari alikuwa na silaha mkononi, na aliamua kutoitumia. Wavulana walipomlilia njiani, angeweza kugeuka na kusema, mwulizeni mwalimu wenu kama ameusoma ukurasa wa mia na kumi na nne. Hakusema. Alikwenda zake nyumbani na siri ya mwalimu wake.

Mwalimu Yuster aliinama akalia, na hakuna aliyembembeleza. Hata alipokwisha, hakuna aliyemwambia si kitu.

Kuku alichinjwa hata hivyo. Wakati anapikwa, Bwanali alimchukua Mwalimu hadi mwisho wa shamba. Kulikuwa na dungu la kulindia, na kamba iliyopakwa pilipili na oili chafu ya kuwafukuza tembo, imezungushwa kwenye miti. Nje ya kamba, katika udongo mwepesi, kulikuwa na nyayo, kila moja kubwa kama ungo, zikienda mtoni kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Hii ni njia yao," Bwanali akasema. "Babu yangu aliikuta. Lakini usidhani ninawapenda, Mwalimu. Mwaka jana tulikula mihogo mitupu kwa ajili yao, na mwenzangu wa ng'ambo ile walimvunja nyonga. Somoe huwahurumia. Mimi nikipewa bunduki nitapiga."

"Kitabuni tembo ana mtoto aliyekufa kisimani."

"Kitabu sijakisoma," akasema Bwanali. "Kama kinasema alikuwa na mtoto, basi alikuwa na mtoto."

Hakumtazama aliposema hivyo, na Mwalimu Yuster hakujua kama amesutwa au ameambiwa tu. Walirudi nyumbani wakala. Alipoaga, Bwanali alisema Somoe atapanda wakishavuna mtama, kama mwenyewe ataka. Somoe aliendelea kukusanya vyombo.

Jumatatu Mwalimu Yuster alisimama mbele ya kidato cha nne. Aliniomba nije nikae nyuma, kwa sababu, alisema, bila mtu mzima wa kumtazama angeweza kupindisha maneno. Aliwaeleza kila kitu kama alivyomweleza Bwanali. Akawaambia insha ya Somoe ndiyo ingestahili alama, na kwamba atakayemwita Ndama tena awe anajua anamtukana mtu aliyesoma, tena kwa niaba ya mtu ambaye hakusoma.

Nilitazamia watoto wacheke. Hawakucheka, na nadhani ingekuwa nafuu kwake kama wangecheka. Walimtazama kama wanavyomtazama mtu mzima aliyeanguka njiani. Mwishowe mvulana mmoja, Ashiru, akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo, Mwalimu, kwenye mtihani wa taifa tuandike nini? Ndama au uvamizi?"

"Andikeni mlichokisoma, na mtaje ukurasa."

"Na msahihishaji kama hajasoma?"

"Sijui, Ashiru," akasema.

Habari zilifika kwa wazazi, na baadhi yao walikuja juu kwa Mwalimu Sharifu: watoto wao wamefundishwa uongo, na waliomaliza zamani je? Mkuu alimwondoa kidato cha nne kwa muhula uliobaki, akampa kidato cha kwanza. Hakupinga. Ofisini walimu wengine walipunguza kuzungumza naye, si kwa hasira. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa na daftari lake la jalada gumu. Mimi ninalo. Lina maswali ya hesabu ya mwaka elfu mbili na sita, na mawili kati yake majibu yake siwezi kuyaonyesha njia.

Somoe alirudi Julai, wakati watu wa huku juu wanapulizia mikorosho salfa. Alifanya mtihani Novemba. Kiswahili alipata C. Hatukujua swali la riwaya alilijibu vipi, na Mwalimu Yuster hakumwuliza. Jina halikufutika, hadi mahafali kuna waliomwita Ndama, ingawa sasa walilisema kwa sauti ya chini na bila kumlilia. Sasa anasomea uuguzi. Anapokuja Kitangari kuwasalimu wenzake hupita shuleni, humwamkia kila mwalimu, naye Mwalimu Yuster humwitikia kama wengine. Huongea habari za chuo, za mvua, za wazazi. Si marafiki.

Kidato cha kwanza, ambacho Mwalimu Yuster anakifundisha hadi leo, husoma kitabu kwa sauti darasani, kila mtoto ukurasa mmoja, na kwa ajili hiyo hajawahi kumaliza mada za muhula. Ameandikiwa barua ya onyo mara moja. Nilimwuliza kama amepata amani sasa. Akasema hapana. Akanitajia wanafunzi watatu wa miaka ya nyuma, Oscar, Maria na mmoja aliyemsahau jina, waliowahi kumwuliza maswali kama ya Somoe, naye akawanyamazisha kwa upole zaidi, hata hawakujua wamenyamazishwa. Oscar yuko hapo Chilangala, ana duka la pembejeo. Mwalimu Yuster hununua salfa kwake kila mwaka. Bado hajamwambia.